Kabla Daftari Halijafungwa

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya viongozi wa huduma za afya, Irente, Lushoto.)



Nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi hii, ingawa wamenipa saa mbaya, ile ya baada ya chakula. Nitajitahidi nisiwalaze.

Nimeombwa nizungumzie mradi wa kuweka mfumo wa kompyuta katika hospitali na vituo vyetu: mapokezi, chumba cha daktari, maabara, dirisha la dawa, wodi na ofisi ya mhasibu, vyote vikiwa kwenye mtandao mmoja. Andiko la mradi mnalo kwenye makabrasha yenu. Ukurasa wa nne kuna mstari usemao kwamba miezi sita baada ya mashine kufika, matumizi ya karatasi yatakoma katika idara zote kwa siku moja. Huo mstari ndio nitakaouzungumzia. Mengine yaliyomo nayaafiki karibu yote.

Napenda nieleweke mapema. Sikuja kupinga kompyuta. Wenye mvi kati yetu wanakumbuka MTUHA ilipoanza miaka ya 1990, vile vitabu vikubwa vya kujaza kwa mkono, na mwisho wa mwezi muuguzi anakaa na taa ya chemli akihesabu vijiti ili taarifa iwahi wilayani. Leo takwimu hizo huingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliobuniwa kwa uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo. Vituo vingi vya Serikali vinatumia GoTHOMIS. Hata ndani ya KKKT jambo hili si geni, kwani baadhi ya hospitali zetu zilianza kutumia programu ya Care2x katikati ya miaka ya 2000. Daktari anayeweza kuona majibu ya maabara ya mwaka jana bila kumtuma mtu akachimbue stoo ya mafaili anatibu vizuri zaidi. Hilo halina ubishi.

Hata hivyo, kuna kompyuta ya kuhesabu na kuna kompyuta ya kutibu. Ukikosea takwimu za mwezi wa tatu, unazisahihisha mwezi wa nne, na aliyepata taabu ni mtakwimu wa wilaya peke yake. Kompyuta tunayoletewa sasa itasimama kati ya daktari na sindano. Itaandika dozi. Itaonyesha kundi la damu. Ikikosea saa nane usiku, hakuna mwezi wa nne.

Ziko taasisi nyingine za namna hii duniani, ambazo kosa dogo hupita moja kwa moja hadi kwenye uhai wa mtu: mashirika ya ndege, reli, vinu vya nyuklia, viwanda vya kemikali. Nyingi zimeingia kwenye kompyuta miaka mingi kabla yetu, na zimejifunza kwa machozi. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

KUFULI ZA CHUMA

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa mashine ya tiba ya mionzi. Tiba hiyo mnaifahamu, kwa kuwa wapo wagonjwa wetu wa saratani wanaopelekwa Ocean Road, Dar es Salaam. Miaka ya 1980 kampuni ya serikali ya Kanada, AECL, ilitengeneza mashine iliyoitwa Therac-25. Mashine yake ya zamani, Therac-20, ilikuwa na kufuli zake zenyewe na fyuzi. Kama kitu hakijakaa mahali pake, mionzi haitoki, hata mwendeshaji afanye nini. Kwenye Therac-25 watengenezaji waliona kufuli nyingi za namna hiyo hazihitajiki tena, kwa sababu kompyuta itakuwa inaangalia kila kitu. Wakaziondoa.

Kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa wasiopungua sita, Marekani na Kanada, walipigwa mionzi iliyozidi kipimo mara nyingi sana. Baadhi yao walikufa. Sehemu moja ya kosa ilikuwa hivi: mwendeshaji mzoefu akisahihisha herufi kwenye skrini kwa haraka, ndani ya sekunde chache, skrini ilionyesha sahihisho hilo, lakini mashine yenyewe haikulifuata lote. Skrini ikaandika "hitilafu 54", basi, bila maelezo. Na kwa kuwa mashine ile ilizoea kutoa hitilafu za namna hiyo mara kwa mara, waendeshaji nao walizoea kubonyeza herufi ya kuendelea. Tusiwacheke. Ni nani hapa ambaye hajawahi kubonyeza "sawa" kwenye simu yake bila kusoma?

Nataka mshike mambo mawili hapo. Baadaye iligundulika kwamba kosa la namna hiyo la programu lilikuwamo pia kwenye Therac-20 ya zamani. Huko halikuua mtu. Fyuzi zilikuwa zinakatika, mashine inazima, fundi anaitwa, watu wanasema mashine hii ina kisirani. Kumbe kufuli zilikuwa zinaokoa watu na hakuna aliyejua. Kufuli ikifanya kazi yake vizuri, hakuna tukio la kuandikia ripoti.

Jambo la pili ni kuhusu waliofumbua fumbo hilo. Kampuni ilikuwa imeshikilia kwamba haiwezekani mashine izidishe mionzi. Baada ya ajali mbili katika hospitali moja ya Tyler, Texas, mwaka 1986, mtaalamu wa fizikia wa hospitali hiyo na mwendeshaji wa mashine walikaa wakarudia kuandika yaleyale, kwa kasi ileile, tena na tena, hadi hitilafu 54 ikajitokeza. Mhandisi wa kampuni hakuwa yeye. Alikuwa mtu wa zamu aliyekumbuka vidole vyake vilifanya nini siku ile.

KARATASI HII INAZUIA NINI?

Sasa tuje nyumbani. Kufuli zetu hazikutengenezwa kiwandani. Ni karatasi, ni dirisha, ni macho ya mtu wa pili. Kwa hiyo kabla ya kuondoa karatasi yoyote, swali langu ni moja tu: hii ilikuwa inazuia nini?

Chukueni patografu ya wodi ya wazazi. Mama wakunga mliopo hapa mnaijua kuliko mimi, mtanisahihisha. Ni karatasi moja yenye grafu. Inaonyesha njia inavyofunguka, mapigo ya moyo wa mtoto, presha ya mama. Imechorwa mistari miwili ya mshazari, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, iliyotengana kwa saa nne. Alama za mama zikivuka mstari wa kwanza, mkunga anaanza kuwa na mashaka. Zikifika wa pili lazima jambo lifanyike, na kwa zahanati ya huku kwetu maana yake ni kwamba gari lilipaswa kuwa limeshaitwa zamani. Shirika la Afya Duniani lilitoa fomu mpya mwaka 2020 ya kuchukua nafasi ya ile ya zamani, lakini nia ni ileile.

Karatasi hiyo iko pale kitandani. Metroni akipita anaiona. Daktari aliyekuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha pili anaiona. Mwanafunzi wa uuguzi anauliza, "Dada, mbona alama imevuka mstari?" Sasa ihamishie kwenye kompyuta iliyoko ofisi ya wauguzi, mwisho wa korido. Mistari ile bado ipo, pengine kwa rangi nzuri zaidi. Ila anayeiona ni mtu mmoja, tena pale anapopata nafasi ya kuketi na kuifungua. Tumetoka macho ya watu watano hadi ya mtu mmoja, na katika ripoti ya mradi tutaandika kwamba wodi ya wazazi imeboreshwa.

Katika hospitali moja niliyoitembelea, ambayo si ya mkoa huu na sitaitaja, wauguzi wa usiku walikuwa na kompyuta moja kwa wodi mbili. Walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Walipima joto na presha kama kawaida, wakaandika juu ya boksi la glavu, na alfajiri mmoja wao akakaa kuingiza vyote. Ukifungua mfumo unaona wagonjwa kumi na tisa wamepimwa presha ndani ya dakika tano, kabla tu ya zamu kubadilishana. Grafu ilipendeza. Anayeisoma akiwa Dodoma anaona wodi iliyoangaliwa vizuri. Daktari wa asubuhi akitaka kujua presha ya mgonjwa fulani ilianza kushuka saa ngapi, boksi la glavu limeshatupwa. Wala simlaumu muuguzi. Mfumo ule ulipangwa na mtu ambaye hajawahi kukaa zamu ya usiku.

Dirisha la dawa nalo lina kufuli yake. Mgonjwa anakuja na cheti mkononi. Mtoa dawa anasoma, anakunja uso, anasema, "Mama, hebu rudi kwa daktari kamuulize, ni mbili mara tatu au moja?" Mgonjwa anakasirika, foleni inakasirika, na sisi viongozi tunaandika kwenye tathmini kwamba huduma inachelewa. Lakini ile safari ya kurudi ndiyo kufuli. Kwenye kompyuta dawa inafika dirishani ikiwa imechapwa, safi, haina kufutwafutwa. Na maandishi yaliyochapwa yana tabia moja: watu hawayatilii shaka. Nasema hivi nikijua kwamba mwandiko mbaya wa madaktari nao umeumiza watu (waganga wafawidhi wanisamehe), na kwa upande huo kompyuta itatusaidia sana. Ila itaondoa aina moja ya kosa na kuleta nyingine.

Aina hiyo nyingine ni hii. Kwa kalamu daktari huandika jina zima la dawa. Kwenye kompyuta anaandika herufi nne za mwanzo, orodha inateremka, anachagua. Klorpromazini ni dawa ya magonjwa ya akili, wenzetu wa Lutindi wanaifahamu vizuri. Klorpropamidi ni dawa ya zamani ya kisukari. Kwenye orodha zikiwapo zote mbili zinakaa jirani, mmoja juu na mwingine chini, na kidole kikiteleza kidogo mgonjwa asiye na kisukari anapewa dawa ya kushusha sukari. Au nukta. Mtoto wa kilo 8.5, nukta ikirukwa, anakuwa wa kilo 85. Muuguzi aliyembeba mtoto huyo mikononi atacheka. Kompyuta haitacheka, isipokuwa aliyeitengeneza ameifundisha kukataa uzito huo kwa mtoto wa mwaka mmoja. Kuifundisha si kazi kubwa. Lakini lazima tuidai kwenye mkataba kabla hatujalipa, kwa sababu baada ya kulipa, simu zetu hupokelewa kwa shida.

Kuhusu damu sitasema mengi. Watu wawili husoma kwa sauti jina, namba na kundi mbele ya mgonjwa kabla ya kuanza kumwongezea. Hata lebo ichapwe na kompyuta ya dhahabu, hao wawili wasome.

MAJINA YETU

Kuna jambo moja ambalo watengenezaji wa programu kutoka mbali hawalifahamu, nalo ni majina ya Usambara. Ukisema Shemdoe, Shekilindi, Mshana au Hozza, umetaja nusu ya mlima. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Halima Shabani watano, na wawili kati yao wamezaliwa mwaka mmoja. Mwanamke anakuja leo kwa jina la baba yake, mwakani kwa jina la mume, na mwaka wa tatu mapokezi wanaandika Mama Juma. Mmoja anaandika Zaina, mwingine Zainabu. Namba ya NIDA inasaidia kwa mtu mzima aliyekumbuka kuja nayo. Kwa mtoto haisaidii.

Matokeo yake ni mgonjwa mmoja kuwa na mafaili matatu kwenye mfumo. Katika faili moja imeandikwa kwamba penisilini inamdhuru. Katika mawili mengine haikuandikwa. Karani wa zamani aliyekaa mapokezi miaka ishirini alikuwa anajua: "Huyu ni yule wa Kwemashai, siyo wa Mbuzii." Karani huyo hayumo kwenye bajeti yetu. Mimi ningependa awemo, alipwe posho kwa mwaka mzima wa kwanza, kazi yake ikiwa ni kukaa na kijana wa kompyuta na kuunganisha mafaili ya watu walewale na kutenganisha ya watu tofauti.

Niongeze kwa kifupi suala la siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo inatuhusu. Neno la siri moja likitumiwa na wodi nzima, kesho hatuwezi kujua nani alisoma majibu ya nani, wala nani aliandika dozi ipi.

UMEME UNAPORUDI

Hapa najua mnasubiri niseme juu ya umeme, kwa hiyo nitasema. Mwanzoni mwa Aprili 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakaa gizani. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki nzima kwa siku kadhaa. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Hayo ni ya taifa. Sisi tuna yetu: radi, miti inayoangukia nyaya, na barabara ya Mombo hadi Soni ambayo masika huweza kuporomokewa na mlima, fundi akabaki chini na kipuri chake mkononi.

Andiko letu limetenga fedha za betri na jenereta, na seva itakaa hospitalini, siyo ng'ambo. Ni vizuri. Lakini mimi siogopi sana saa ya giza. Gizani kila mtu anajua yuko gizani, anachukua karatasi, anakuwa mwangalifu. Saa ninayoiogopa ni ile umeme unaporudi.

Fikirini. Umeme umekatika saa tano usiku. Sindano ya saa sita imetolewa, ikaandikwa kwenye karatasi. Saa nane umeme umerudi, skrini imewaka, inaonyesha hali ilivyokuwa saa tano: sindano ya saa sita haijatolewa. Zamu inabadilishana. Muuguzi mpya anaiamini skrini, kama tulivyomfundisha, anatoa sindano ya pili. Kwa dawa nyingine hakuna kitakachotokea. Kwa magnesiamu anayopewa mama mwenye kifafa cha mimba, au kwa insulini, hali ni tofauti kabisa. Kwa hiyo lazima iandikwe wazi kwamba skrini ikirudi, haitumiki kutoa dawa hadi mtu aliyetajwa kwa cheo awe amehamisha karatasi zote na kusema kwa sauti, "Tumekamilisha." Katika andiko lenye kurasa thelathini na mbili sikuona neno juu ya saa hiyo.

NANI ANA RUHUSA YA KUSEMA BASI?

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ilianguka dakika sita baadaye. Watu wote 157 walikufa, wakiwamo majirani zetu wengi wa Kenya. Oktoba 2018 ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka baharini Indonesia na kuua watu 189. Ndani ya ndege hizo kulikuwa na programu iliyoitwa MCAS, iliyosukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea kipimo kimoja tu. Kipimo kilipodanganya, programu iliamini uongo huo na ikashindana na rubani. Kabla ya ajali ya kwanza, marubani walikuwa hawajaelezwa kwenye vitabu vyao kwamba programu hiyo ipo.

Walioshika usukani ndio waliokuwa wa mwisho kujua. Sasa tazameni bajeti yetu ya mafunzo, ukurasa wa kumi na tisa: siku tatu, Tanga mjini, kwa wakuu wa idara. Kwa nini wakuu wa idara? Nani kati yao anakaa zamu ya usiku? Anayehitaji kujua mfumo unadanganya wapi ni yule muuguzi wa zamu na mhudumu wake.

Na akisema mfumo unadanganya, ataaminiwa? Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa posta ndogo walitiwa hatiani kwa makosa ya wizi na udanganyifu, wengi kwa sababu programu ya hesabu iliyoitwa Horizon ilionyesha fedha zimepungua. Wao walisema hawakuiba. Mashine ndiyo iliyoaminiwa. Ilichukua miaka mingi, na mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta hukumu hizo. Huo ni mfano wa fedha, siyo wa uhai, lakini sisi tutauona kwanza kwenye stoo ya dawa. Siku mfumo utakaposema vidonge mia mbili havipo, tutamfanyaje mtunza stoo? Tukimkata mshahara kabla ya kuhesabu makopo, kuanzia siku hiyo hakuna mfanyakazi atakayeripoti hitilafu yoyote. Kila mmoja ataanza kuulinda mkate wake, na sisi tutakuwa tumepoteza macho yote tuliyokuwa nayo.

MSTARI ULE WA UKURASA WA NNE

Ndugu washiriki, wafadhili wetu ni watu wema na tumefanya nao kazi muda mrefu. Lakini mwaka wao wa fedha unaisha Desemba, na ndiyo maana mstari ule una tarehe. Uzazi hauna Desemba.

Ninapendekeza mstari huo uondolewe na badala yake iandikwe kwamba kila idara itahamia kwa wakati wake, tukianza na mapokezi na maabara, tukimalizia na wodi ya wazazi na damu. Kwamba hakuna daftari litakalofungwa hadi wanaolitumia wamekaa na kuandika lilikuwa linazuia nini na nani atazuia sasa. Na kwamba katika kila zamu atakuwepo mtu mmoja mwenye ruhusa ya kusema "turudi kwenye karatasi" bila kumpigia mtu simu kwanza, na bila kuulizwa kesho yake kana kwamba ametenda kosa. Fomu tupu ziwe kwenye sanduku linalojulikana, lisilofungwa kwa ufunguo alioondoka nao mtu wa mchana. Aidha, bajeti iongezwe muuguzi mmoja kwa wodi katika miezi ya mwanzo, kwa sababu kuandika mara mbili ni kazi ya ziada, na saa hizo zisipolipiwa zitatolewa kwa mgonjwa.

Wakati wa chai nimeambiwa kwamba nikisema haya tutaonekana tuko nyuma, na kwamba fedha zinaweza kwenda dayosisi nyingine. Inawezekana. Andiko linapita mezani kwangu kabla ya kupelekwa, na likiwa na mstari ule sitatia sahihi. Nimemweleza hivyo Katibu Mkuu mapema ili asishangae. Kama baraza litaona vinginevyo, lina mamlaka ya kuamua, na nitaheshimu. Ila ningeomba kwanza mfanye jambo moja.

Vituo ambavyo tayari mna kompyuta, hata ikiwa ni moja ya mapokezi au ya stoo ya dawa, chagueni usiku mmoja kabla ya kikao kijacho. Msizime taa wala mashine za oksijeni. Zimeni kompyuta tu, kuanzia saa nne usiku hadi saa nane, bila kuwaambia wa zamu mapema, lakini mganga mfawidhi awepo pale pale. Katibu wa hospitali akae kwenye kiti na saa yake na daftari. Aandike watu walikimbilia wapi, walitafuta nini wakakikosa, nani aliulizwa na alijibu nini. Kisha saa nane iwasheni, na muendelee kuandika kwa saa moja zaidi. Hiyo saa ya tisa msiiruke, hata kama usingizi umewashika.

Fomu ya kuandikia iko mwisho wa kabrasha. Zahanati ambazo hamna kompyuta, ningeomba mtuletee nakala tupu ya kila karatasi na kila kitabu mnachojaza kwa wiki moja, pamoja na vile vikaratasi ambavyo si rasmi, vilivyobandikwa ukutani. Hivyo hasa ndivyo ninavyovitaka.

 Mwenyekiti, nakaribisha maswali.